Kikohozi cha Jumatatu

Kama umepata barua ya kukataliwa fidia na bado unayo mkononi, nakuomba usiichane. Mimi yangu niliichana palepale nje ya ofisi, nikavitupa vipande kwenye majani, nikaondoka nimetunisha kifua kana kwamba nimeshinda. Sikuwa nimefika hata soko la Kondele nilipokutana na mtu tuliyefanya naye kazi. Akaniambia kwamba ukitaka kupinga uamuzi wao, ni lazima uende na barua yenyewe. Ikabidi nirudi. Nilitambaa kwa magoti kwenye majani yale nikiokota karatasi, pumzi zikinikata, na askari wa mlangoni akinicheka waziwazi. Mama Akinyi, mke wangu, aliibandika barua kwa uji mzito juu ya mfuko wa sukari uliopasuliwa. Kona moja haikuonekana tena.

Mimi si daktari, na majina ya magonjwa siyajui sana. Naandika kwa sababu watu wananijia hapa nyumbani Manyatta wakiwa na barua kama ile, wanakohoa kama nilivyokohoa, na nimechoka kusimulia habari hizi kwa mdomo. Kusema sana hunimaliza pumzi.

Nilifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha nguo hapa Kisumu. Niliingia muda mfupi baada ya Uhuru, nikawekwa chumba cha kwanza, pale marobota ya pamba yanapofunguliwa na pamba kuchanwa na mashine. Chumba kile hakikuwa na hewa, kilikuwa na vumbi. Vumbi la pamba ni jepesi, halianguki chini, linaning'inia tu, na ukitoka jioni nyusi na nywele ni nyeupe. Watoto wa mtaa walituita wazee. Tulijifunga leso puani, na leso ikilowa jasho tunaitoa kwa sababu inaziba pumzi zaidi.

Jirani yangu kwenye mashine alikuwa Ochieng', mtu wa Sondu, mcheshi sana, mwenye sauti ya kusikika juu ya mashine zote. Ochieng' alikuwa anakunywa. Sitamfichia, maana hata yeye hakujificha. Jumapili ilikuwa siku yake ya busaa, na alikuwa akirudi nyumbani akiimba.

Ugonjwa wangu ulianza kwa adabu. Mwaka wa tatu hivi niliona kwamba kila Jumatatu, saa chache baada ya kuingia kazini, kifua kinabana kama mtu amenifunga mkanda akauvuta mpaka tundu la mwisho. Ninakohoa, homa kidogo, macho mekundu. Jumanne nafuu. Jumatano nimesahau. Jumapili ninatembea mpaka ziwani na kurudi bila shida. Halafu Jumatatu tena, mkanda ule ule. Ochieng' naye hivyo hivyo. Tulikuwa tunakohoa kwa zamu, mashine hii na ile.

Nyapara wetu alituangalia sisi wawili akatoa hukumu yake.

"Hii ni pombe ya jana inatoka," alisema. "Nyinyi mnakunywa Jumapili, halafu Jumatatu mnaniletea kifua."

"Mimi sinywi, Bwana," nikamwambia.

"Ochieng' pia alisema hanywi?"

"Mimi nilikunywa," Ochieng' akajibu, "lakini busaa ilienda tumboni, Bwana. Haikupitia kifua."

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujipiga kofi, maana siku hiyo ndiyo tuliyoandikwa. Kila Jumatatu niliyoshindwa kuendelea na kazi, rejista ya mahudhurio ilipata alama yangu, na hakuna aliyeandika kwa nini.

Neno hilo la pombe halikubaki kiwandani. Lilifika nyumbani kabla yangu. Mama Akinyi hakunigombeza, na hilo lilinikera kuliko kugombezwa. Alianza kuninusa. Nikirudi Jumapili kutoka kumtembelea ndugu, anakuja karibu kunipokea kofia, anavuta pumzi. Nikiwa nimejilaza mchana, ninahisi uso wake juu ya mdomo wangu. Nilijifanya nimelala. Nilikuwa na hasira, ila pia nilitumaini kwamba akinusa vya kutosha ataridhika. Hakuridhika. Alidhani nimejua kujificha.

Mwisho akapata dawa yake. Yeye alikuwa amejiunga na kanisa linalosali Jumamosi, akanivuta nami. Watu wa kanisa lile hawanywi kabisa, na Jumamosi nzima mko pamoja kutoka asubuhi mpaka jua linazama. Nadhani alihesabu hivi: akinitia kanisani Jumamosi, na Jumapili akanirudisha kazini, nitakunywa lini? Nilikubali kwa sababu nilipenda nyimbo zao, na kwa sababu nilitaka amani. Nyapara naye alikubali kubadilishana. Nikawa napumzika Jumamosi, na Jumapili ninaingia na kikosi kidogo cha kusafisha mashine zikiwa zimezimwa. Sasa hiyo ndiyo kazi ya vumbi hasa. Unapuliza, unafagia, na lile lililojificha chini ya mashine wiki nzima linakurukia usoni.

Basi mkanda wangu ukahama. Jumapili ndiyo ikawa siku ya kukohoa. Nilipitia kwa dresa wa kiwanda karibu kila Jumapili, akanipa dawa nyeusi ya chupa na vidonge viwili, akaandika kwenye daftari lake, akaniambia niketi nje kidogo nipate upepo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Upepo ule wa ziwa nje ya dirisha lake ulinisaidia kuliko chupa zake zote, na yeye alijua.

Miaka mitatu ya mwisho ilipita hivyo. Kisha siku zikaanza kufanana. Jumanne haikuleta nafuu, wala Alhamisi. Suruali zikanipwaya. Nilikuwa na mabega mapana, niliyapenda, yakaisha. Akinyi, binti yetu, aliacha kuniomba nimbebe mgongoni kabla hata sijamkatalia, na sikumuuliza ni nani aliyemwambia aache. Mvua ndefu za mwaka ule zilipoanza, nilianguka kando ya mashine na Ochieng' akanitoa nje akinishika kwapani, yeye mwenyewe akikohoa.

Hospitalini walinichoma sindano kila asubuhi kwa wiki nyingi, wakidhani ni kifua kikuu. Matako yaligeuka magumu mpaka muuguzi akawa anatafuta mahali pa kuchoma kama mtu anayetafuta sarafu mchangani. Nilijua madawati yote ya pale: lile refu la picha ya kifua, ambapo unavua shati na kungoja tumbo wazi, lile la dawa, ambapo wanaita majina haraka, na usipoitika mara ya kwanza umerudi mwisho. Mwanamke mmoja nisiyemjua alikuwa ananiitikia jina langu nikiwa nimeshikwa na kikohozi. "Yuko! Yuko hapa!" anapiga kelele, kisha ananisukuma mbele. Sikuwahi kumshukuru sawasawa.

Baadaye wakasema si kifua kikuu, ni mapafu yamechoka, nisirudi kwenye vumbi. Kiwanda kikaniachisha kazi. Nikapeleka madai Leba, ofisi ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, na baada ya miezi wakanipa ile barua niliyoichana. Kwamba kifua kimeharibika, hawakukataa. Walikataa kwamba kazi ndiyo iliyokiharibu. Rejista ya kiwanda, walisema, inaonyesha mwombaji alizoea kukosa kazi siku za Jumatatu, nayo ni dalili ya ulevi.

Bila fidia ile tulikuwa watu wa kurudi shamba, na shamba linataka jembe. Mimi wakati huo nilikuwa nikibeba ndoo ya maji kutoka bombani ninapumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Mama Akinyi aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kondele, na omena haikutosha watu watatu na dawa.

Nilipinga. Neno hilo ni dogo. Maana yake ni kuketi. Unaketi kwenye benchi la Leba tangu asubuhi, karani anakupita na chai, anakupita na faili, anakupita na gazeti. Mara ya kwanza aliniambia afisa yuko safarini. Mara ya pili barua yangu ilimchekesha, akawaita wenzake waone mfuko wa sukari. Mara ya tatu nilileta barua ya mchungaji wetu inayosema kwamba mimi sigusi pombe.

Afisa mwenyewe, mtu wa suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni, aliisoma akanirudishia.

"Mzee, hii ni ya kanisa. Mimi nataka kitu ya kazini."

"Lakini mmeandika mimi mlevi. Kanisa linasema si mlevi."

"Kanisa ilikuwa na wewe Jumatatu?"

"Hapana."

"Basi."

Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu kwa hasira tu, na ikanigharimu siku mbili kitandani. Mvua ndefu zilikuwa zimeisha, zikaja fupi, na faili langu halikuwa limesogea hata meza moja. Niligeuka mtu mbaya nyumbani. Nilikuwa nikilalamikia chumvi, moshi, sauti ya redio ya jirani. Mama Akinyi alivumilia, kisha asubuhi moja akiwa anachambua omena uzalendo ukamshinda.

"Wewe unasumbua watu ya Leba bure," akasema. "Ata mimi najua. Nilikutoa Jumapili nikakupeleka Jumamosi, ukahamisha pombe yako pia! Nilidhani nimekushika. Ukaanza kuumwa Jumapili badala ya Jumatatu. Ni nani atakuamini, Baba Akinyi?"

Nilisimama kumjibu vibaya. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikaketi tena.

"Sema tena," nikamwambia.

"Niseme nini? Umesikia."

"Sema tena vile niliumwa."

Akasema, safari hii polepole, na akiwa katikati ya maneno mkono wake ukasimama ndani ya karai. Jumamosi nilikuwa naye kutoka asubuhi mpaka jua kuzama, ubavu kwa ubavu, kanisani. Usiku nililala kwake. Alfajiri niliingia kiwandani. Ningekunywa saa ngapi?

"Nyasaye," akasema, yaani Mungu wangu. Aliosha mikono, akatafuta kitambaa chake cha kichwa, akaniambia nivae viatu.

Ilikuwa aibu kwangu pia. Mwaka mzima nilikuwa nikipiga kelele kwamba mimi si mlevi, na sikuwahi kuwaambia kitu rahisi kabisa: siku yangu ya kuumwa ilikuwa siku ya kurudi kwenye vumbi baada ya kupumzika, iwe Jumatatu, iwe Jumapili. Wao walikuwa wametoa kurasa za miaka ya kwanza tu. Za mwisho hazikuwafaa, au hawakuzifungua. Sijui, na sitamsingizia mtu.

Tukaomba daftari la dresa. Kiwanda kikasema madaftari ya zamani yameharibika. Nilikwenda kumngoja dresa langoni wakati wa chakula. Alinitazama mabega, akatazama chini.

"Yako kwa sanduku, chini ya bandeji," akasema. "Wakija na karatasi ya Leba, mimi nitatoa. Bila karatasi siwezi, ndugu yangu. Mimi pia nina watoto."

Ilichukua safari nne kupata karatasi hiyo. Mara afisa alisahau kutia sahihi, mara mhuri haukuwa na wino. Nikaleta wino. Ni kweli, nilinunua kichupa nikaweka juu ya meza ya karani, na hakuona haya.

Siku ya kusikilizwa, mwakilishi wa kiwanda aliketi upande mmoja, sisi wawili upande mwingine. Afisa alifungua daftari la dresa akawa anasoma siku kwa sauti. Jumapili. Jumapili. Jumapili. Alipofika ukurasa wa nne aliacha kusoma kwa sauti, akaendelea na kidole tu.

"Basi alikuwa anakunywa Jumamosi," akasema mwakilishi.

Mama Akinyi hakungoja kuulizwa.

"Mimi nilikuwa namnusa," akasema. "Miaka saba. Nilinusa mdomo, nilinusa nguo, nilinusa ata kikombe yake. Nilitaka sana nimshike. Kama kulikuwa na pombe, Bwana, mimi ndiye ningekuja hapa kumshtaki, si yeye kuja kuwashtaki."

Afisa akakohoa kikohozi cha mtu mwenye mapafu mazima. Nilikuwa nikimtazama mke wangu. Nilijua alininusa, ila sikujua kwamba aliendelea muda wote huo. Iliniuma vibaya, na papo hapo nilimpenda kwa kusimama na kujiaibisha mbele ya wale wanaume.

Afisa alimwandikia daktari wa serikali swali jipya, naye akajibu kwamba vumbi la pamba hufanya hivyo hasa, hushika mtu siku ya kwanza baada ya mapumziko. Uamuzi ukageuzwa. Nikapata fidia, si yote niliyodai, lakini ya kutuweka Manyatta, kumweka Akinyi shuleni, na kumjengea mama yake kibanda cha duka. Barua mpya sikuichana. Iko kwenye bati la biskuti.

Ningependa kuishia hapo. Wanaonijia kwa ushauri hupenda niishie hapo.

Ochieng' alikufa wiki chache kabla ya siku yangu ya kusikilizwa, kwa kifua kile kile. Alikuwa amedai fidia miezi michache baada yangu, akapewa barua yenye neno lile lile. Mjane wake, Mama Atieno, alikuja kwangu kutoka Sondu akiwa na barua ya pili. Alikuwa amepinga, akitaja kesi yangu. Walimjibu kwamba mwenzake huyo, yaani mimi, alithibitisha kutokunywa, na marehemu hakuthibitisha.

Niliisoma mara tatu. Walikuwa wamechukua ushindi wangu wakampigia nao rafiki yangu. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirikia barua yangu mwenyewe, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa yangu mimi. Mwaka mzima nilikuwa nimesema kwa kila mtu, kwenye kila benchi: mimi si kama walevi. Na mlevi wa mashine ya pili alikuwa nani, kama si Ochieng'?

Nilikwenda Leba na Mama Atieno. Benchi ni lile lile. Afisa alinikaribisha kwa jina, akaagiza niletewe kiti cha mgongo.

"Mzee, wewe ulishinda kwa sababu hukunywa," akaniambia kwa upole. "Huyu, ata rafiki zake wanasema alikunywa. Nyinyi mnataka mimi niandike nini?"

"Andika alikunywa," nikasema. "Halafu uandike tulikuwa chumba kimoja miaka tisa, vumbi moja."

"Sasa nitajua aje ni gani ilimuua?"

Nilikuwa natafuta pumzi ya kumjibu. Mama Atieno akanigusa mkono ninyamaze. Ni mwanamke mfupi, mpole, sikuwa nimemsikia akisema maneno kumi pamoja tangu tulipotoka nyumbani.

"Bwana Afisa," akasema, "kila mwaka kiwanda ilimpa livu, mwezi mmoja. Anakuja Sondu. Mwezi hiyo hakunywa Jumapili peke yake. Jumatatu alikunywa, Jumanne alikunywa, mpaka mwezi inaisha. Na ndiyo mwezi alikuwa analala usiku mzima bila kukohoa. Mimi nilikuwa naamka kusikiliza kama bado anapumua, kwa sababu kulikuwa kimya. Kama ni pombe, mbona haikumuua Sondu?"

Afisa alitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha, akatoa ile nyingine. Kisha akamwambia karani alete karatasi safi.